Mita kumi za kona: kuzuia maegesho kwenye makutano ya mtaa

Msomaji wetu wa Ilemela, Mwanza, ambaye ni mjumbe wa kamati ya usalama ya mtaa wake, ameandika hivi: "Mtaa wetu unashuka kutoka mlimani na kuingia kwenye barabara ya lami. Kona zote mbili zimejaa magari. Upande mmoja kuna duka la jumla linaloshusha soda na saruji, na upande wa pili fundi magari amegeuza kona kuwa gereji. Mwezi uliopita mwanafunzi wa darasa la pili aligongwa na bodaboda alipokuwa akichungulia kati ya Noah na kirikuu. Alivunjika mguu na sasa anaendelea kupona. Katika mkutano wa mtaa wengi tulitaka maegesho yapigwe marufuku pale. Mwenye duka anasema tutamfungia riziki, na vijana wanasema barabara ikiwa wazi bodaboda zitakimbia zaidi. Mwenyekiti anataka tupange mawe wenyewe Jumamosi ijayo. Je, marufuku hiyo inasaidia kweli? Iwe mita ngapi? Na nani mwenye mamlaka ya kuiweka?"

Dada yangu, nampa pole mtoto huyo pamoja na wazazi wake. Kwa kuwa Jumamosi haiko mbali, naomba kwanza mwambieni mwenyekiti aahirishe kazi ya mawe. Sababu nitaieleza mbele. Kuhusu swali kubwa, jibu langu ni kwamba marufuku ya kuegesha kwenye kona inasaidia, na mara nyingi ndiyo hatua yenye gharama ndogo kuliko zote zinazoweza kuchukuliwa kwenye makutano ya mtaa wa makazi. Hata hivyo, idadi ya mita haiwezi kusemwa peke yake bila kutaja mwendo wa vyombo vinavyopita kwenye lami hiyo. Vijana wenu wameligusa jambo hilo, na itakuwa kosa kuwapuuza.

Mfikirie dereva anayetoka mtaani kwenu akiwa na gari dogo. Hapa kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo bodaboda inayotoka kuliani kwake ndiyo inayopita upande wa karibu naye, na ndiyo ya hatari zaidi. Macho ya dereva yako kama mita 2 nyuma ya pua ya gari lake. Kukiwa na magari yaliyoegeshwa kwenye ukingo wa lami, hawezi kusogeza pua kuvuka mstari wa ubavu wa nje wa magari hayo bila kuiingiza kwenye njia ya bodaboda. Pua ikifika kwenye mstari huo, macho yake bado yako usawa wa ukingo wa lami, na gari lililoegeshwa, lenye upana wa karibu mita 1.8, limesimama kama ukuta kati yake na chombo kinachokuja.

Nimefanya hesabu nikichukua mtaa wenye mdomo wa mita 6 na bodaboda inayopita mita 1 nje ya magari yaliyoegeshwa. Gari la kwanza likiwa mita 1 tu kutoka kwenye kona, dereva anaiona bodaboda ikiwa mita 7 kutoka kwake. Likisogezwa hadi mita 5, anaiona ikiwa mita 13. Likisogezwa hadi mita 10, anaiona ikiwa mita 21. Uwiano huo si wa kubahatisha, kwani ni pembetatu ya kawaida ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuichora kwa rula, na mnaweza kuihakikisha wenyewe kwa futi kamba kwa namna nitakayoieleza.

Sasa linganisheni umbali huo na ule ambao chombo kinahitaji ili kisimame. Mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni sawa na zaidi kidogo ya mita 8 kwa sekunde. Mwendeshaji wa kawaida hutumia kama sekunde moja na nusu kutambua hatari na kufikisha mguu au mkono kwenye breki, na katika muda huo ameshapita mita 12 na nusu kabla breki hazijaanza kufanya kazi. Ukijumlisha umbali wa breki zenyewe kwenye lami kavu, unapata karibu mita 20. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hesabu hiyohiyo inafika karibu mita 43, yaani zaidi ya mara mbili, ingawa mwendo haukuongezeka hata mara mbili. Na hapo nimezungumzia lami kavu. Mvua za Oktoba hadi Desemba na zile za Machi hadi Mei zinaposhusha mchanga na changarawe kutoka milimani na kuzitandaza kwenye lami chini ya mtaa, tairi za pikipiki hupoteza mshiko hapohapo ambapo mwendeshaji anauhitaji zaidi.

Hapo ndipo mita 10 zinapopata maana yake. Zinampa dereva mita 21 za kuona, na mita 21 zinamtosha mwendeshaji wa kilomita 30 kwa saa. Hazimtoshi hata kidogo mwendeshaji wa kilomita 50. Huyo angehitaji kona iachwe wazi kwa karibu mita 24, na sioni mtaa wa Mwanza ambao wakazi wake wangekubali kutoa nafasi kubwa namna hiyo mbele ya maduka yao. Nchi mbalimbali zimechagua idadi tofauti. Kanuni za barabarani za Uingereza zinamwambia dereva asiegeshe ndani ya mita 10 za makutano, Ujerumani kwa kawaida huzuia mita 5, na jimbo la California nchini Marekani limeweka futi 20, yaani kama mita 6, kabla ya kivuko cha watembea kwa miguu. Tofauti hizo zinaonyesha kwamba hakuna namba ya kukariri. Kila namba hutegemea mwendo, upana wa barabara, na kile ambacho dereva anatakiwa kukiona. Kwenu ninashauri mita 10, mkifanya pamoja na kazi ya kuushusha mwendo.

Vijana wamesema kweli kwamba barabara ikionekana pana, mkono wa mwendeshaji huzidi kukaza akselereta. Magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, pamoja na ubaya wake wote, huifanya barabara ionekane nyembamba na kumlazimisha mtu kupunguza mwendo. Mkiyaondoa na kuacha nafasi tupu, mnaweza kumpa dereva macho zaidi na wakati huohuo mkampa mwendeshaji wa bodaboda sababu ya kukimbia, na faida ya kwanza ikaliwa na hasara ya pili. Kwa sababu hiyo, nafasi inayoachwa wazi inapaswa kujazwa kitu cha kimo kifupi kisichozuia macho. Suluhisho ninaloliamini zaidi ni kuisogeza njia ya waenda kwa miguu mbele kwenye kona, yaani kujenga ukingo wa zege unaoingia barabarani kwa upana uleule uliokuwa ukikaliwa na gari. Gari haliwezi kuegeshwa hapo, barabara inabaki nyembamba machoni, kona inakuwa kali zaidi kwa anayekata kwa kasi, na mtoto anasimama mahali anapoonekana. Anabakiza pia umbali mfupi wa kuvuka. Mtoto anayetembea mita 1.2 kwa sekunde huvuka mita 6 kwa sekunde 5, na katika sekunde hizo bodaboda ya kilomita 50 kwa saa inakuwa imekula karibu mita 70. Kila mita moja mnayompunguzia mtoto barabarani ina thamani.

Mji wa Hoboken, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, umefanya kazi ya namna hii kona baada ya kona kwa miaka mingi, na baada ya Januari 2017 ulipita zaidi ya miaka saba bila kifo hata kimoja cha ajali ya barabarani. Hawakufika hapo kwa kuzuia maegesho peke yake. Walishusha pia mwendo na kuboresha vivuko. Ninautaja kwa sababu ni mji wa mitaa myembamba yenye maegesho ya kugombaniwa, ambako kila nafasi iliyoondolewa ilikuwa na mtu wa kuilalamikia, kama ilivyo kwenu.

Nirudi kwa yule mtoto. Mwanafunzi wa darasa la pili ana kimo cha mita 1.2 au pungufu, ilhali Noah ina kimo cha zaidi ya mita 1.8 na kirikuu yenye mzigo inaweza kuzidi hapo. Mtoto aliyesimama kati ya magari hayo haonekani kabisa, na yeye haoni kitu. Ili aone inambidi atoke mpaka usawa wa ubavu wa nje wa gari, na hapo kichwa chake kimeshafika kwenye njia ya bodaboda. Watu husema mtoto alikimbia ghafla barabarani. Katika kona nyingi nilizosimama na kuzitazama, mtoto hakukimbia. Alifanya kile alichofundishwa, akaangalia kulia, kushoto na kulia tena, ila mahali pekee pa kuangalilia palikuwa ndani ya hatari yenyewe.

Kwa mantiki hiyohiyo, msiishie kwenye magari. Meza ya mbogamboga yenye mwavuli, bango la wakala wa fedha za simu, rundo la mchanga na kokoto za mtu anayejenga, na ua wa michongoma uliopita kimo cha kifua vyote huziba macho sawa na gari. Kanuni tunayoitumia ni kwamba ndani ya eneo la kuonea kusiwe na kitu kinachozidi sentimita 60 kutoka usawa wa barabara, kwa kuwa macho ya dereva wa gari dogo yako kwenye kimo cha karibu mita moja. Kama kinachoziba ni ukuta wa uzio wa nyumba uliofika hadi kwenye ukingo, kuzuia maegesho hakutatosha, na hapo itabidi muongee na mwenye nyumba, au mamlaka ya barabara iweke kioo cha kona na kulazimisha vyombo kusimama.

Kuhusu mahali pa kuweka marufuku, makutano yenu ni ya njia tatu, kwa hiyo pande muhimu ni hizi. Kwenye lami, mita 10 upande wa kulia wa mtu anayetoka mtaani ni za lazima na hazina mjadala. Upande wake wa kushoto, vyombo hupita mbali kidogo naye, na kwa hesabu zangu hata mita 6 humpa macho ya kutosha kwa mwendo wa kilomita 30. Lakini bodaboda zetu hupita popote penye nafasi, kwa hiyo ningependelea mita 10 hapo pia. Ndani ya mtaa wenyewe, zuieni mita 10 kila upande, si kwa ajili ya macho tu bali kwa ajili ya magari makubwa. Gari la zimamoto au la taka lina upana wa karibu mita 2.5, na mtaa wa mita 6 ukiegeshwa pande zote mbili unabakiza mita 2.4. Hilo pekee ningelisoma kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa, maana kila mwenye nyumba huko mlimani analielewa. Upande wa lami unaotazamana na mdomo wa mtaa unaweza kuachwa kwa sasa, isipokuwa kama magari makubwa yanashindwa kukata kona.

Sasa nieleze kuhusu mawe. Mwanza ni mji wa miamba na ninaelewa kwa nini wazo hilo huja haraka: mawe yapo, hayana bei, na hakuna anayeyaiba. Hata hivyo, jiwe kubwa lililowekwa ndani ya barabara bila taa wala rangi linaweza kumuua mwendeshaji wa bodaboda usiku, na atakayeulizwa ni aliyeliweka. Hakuna mkazi wala kamati yenye haki ya kuweka kizuizi au alama barabarani. Kazi hiyo ni ya mamlaka ya barabara husika. Mawe yanaweza kutumika kwa idhini na usimamizi wa mhandisi, yakipangwa nje ya njia ya vyombo, yakichimbiwa ili yasisogezwe, yakipakwa rangi nyeupe na kubandikwa viakisi mwanga, na kimo chake kisizidi zile sentimita 60. Nafasi kati ya jiwe na jiwe iwe kama mita 1.2, ambayo inampitisha mtu mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye ndoo kichwani, lakini inazuia gari na hata bajaji.

Rangi ya mistari inafaa kwenye lami tu. Kwenye sehemu ya mtaa yenye changarawe haishiki kabisa, na kwenye barabara zetu za kupangwa mawe huchakaa mapema na kuonekana kama madoa. Kule juu, tegemeeni nguzo fupi za zege na kibao cha kuzuia kuegesha. Ukingo uliopakwa rangi bila kitu cha kuzuia tairi huheshimiwa kwa wiki mbili za mwanzo, na baada ya hapo huheshimiwa siku ambayo trafiki yupo.

Mamlaka inategemea aina ya barabara. Kama lami hiyo ni barabara kuu au ya mkoa, iko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Kama ni barabara ya mjini ya ngazi ya wilaya au ya mtaa, iko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa mwaka 2017, na barua yenu iende kwa Meneja wa TARURA wa wilaya. Inawezekana kabisa lami ikawa ya wakala mmoja na mtaa wenu ukawa wa mwingine, na hapo andikeni kwa wote wawili kwa barua moja yenye nakala, ili kila mmoja ajue mwenzake ameambiwa. Nakala nyingine iende kwa diwani, kwa mtendaji wa kata na kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, kwa sababu marufuku isiyosimamiwa na polisi haiishi. Ombeni vitu vitatu katika barua hiyohiyo: marufuku ya mita 10, tuta au hatua nyingine ya kushusha mwendo kiasi cha mita 25 hivi kabla ya makutano kwa kila upande wa lami, na ukingo uliosogezwa mbele pale bajeti itakaporuhusu. Mkiomba la kwanza peke yake, mtapewa la kwanza peke yake, na hofu ya vijana itatimia.

Ambatanisheni muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye saini, mchoro wa mkono wenye vipimo, na daftari la matukio. Daftari hilo lianze leo. Andikeni tarehe, saa, aina ya vyombo na kilichotokea, mkijumuisha hata yale ya kukoswakoswa. Ajali iliyofika polisi na kupewa fomu ya PF3 ina kumbukumbu rasmi, lakini mwendeshaji aliyeangukia mtaroni na kuinuka akichechemea hana kumbukumbu yoyote isipokuwa ile mtakayoiandika ninyi. Hesabuni pia magari yaliyoegeshwa: alfajiri saa 11, saa 4 asubuhi, saa 12 jioni na saa 3 usiku, katika siku ya kazi na siku ya ibada. Mita 40 za marufuku, kumi kwa kila ukingo, ni sawa na nafasi za magari kama manane, na mkijua yanalala wapi na yanashinda wapi mtaweza kuonyesha pa kuyahamishia, badala ya kuyasukuma kwenye kona inayofuata na kuhamisha ajali pamoja nayo.

Mwenye duka asichukuliwe kuwa adui. Anachohitaji ni mahali pa kusimamisha kirikuu kwa dakika ishirini wakati wa kushusha, na mahali hapo panaweza kutengwa mita chache mbele ya eneo la marufuku, kwa saa zilizokubaliwa ambazo si za watoto kwenda na kurudi shuleni. Atabeba kreti za soda hatua kumi na tano zaidi. Ni usumbufu wa kweli, na ninadhani ni haki kumwambia wazi kwamba mnauona, kisha mkamsaidia kuwazuia wengine wasiegeshe kwenye nafasi yake ya kushushia. Suala la fundi ni gumu zaidi, kwa sababu magari ya gereji hukaa siku nyingi yakiwa hayana injini, na hata kibao hakitayahamisha. Huyo anahitaji kutafutiwa kiwanja na serikali ya mtaa kabla marufuku haijaanza. Kijiwe cha bodaboda kisibaki kwenye kona, kwa kuwa pikipiki zenye watu juu yake huziba macho pia. Kihamisheni mbele ya mita 10 upande wa kushoto wa anayetoka mtaani, ambako abiria wataendelea kukiona.

Kabla ya barua, fanyeni lile jaribio la futi kamba. Chagueni Jumapili asubuhi barabara ikiwa tulivu, mkiwa na trafiki wa kuwasimamia. Wekeni Noah mita 1 kutoka kwenye kona ya kulia, na gari dogo litoke mtaani hadi pua ifike usawa wa ubavu wa Noah. Mtu mmoja atembee taratibu kwenye njia ya bodaboda akielekea makutano, na aliyeshika usukani aseme "naona" mara tu anapomwona, kisha mpime umbali huo na kuuandika kwa chaki barabarani. Rudieni Noah ikiwa mita 5, halafu mita 10. Chini ya kila alama ya chaki andikeni mita 20, ambazo ni za bodaboda ya kilomita 30 kwa saa, na mita 43, ambazo ni za kilomita 50. Waiteni wazazi, vijana wa kijiweni na fundi waje watazame, na kwenye usukani wa gari dogo mkaribisheni mwenye duka akae yeye mwenyewe.